Safari ya Kila Siku: Kutoka Mabela Hadi Ruwi



Jamaa anayekuja Maskati kwa mara ya kwanza, akitokea London, Toronto au Dar es Salaam, aghlabu huwa na swali moja ambalo wenyeji wa hapa wameshalizoea. Akishatoka uwanja wa ndege, akapakiwa garini na kuendeshwa nusu saa nzima, akayaona majumba meupe, misikiti, milima, kisha majumba meupe tena, humgeukia mwenyeji wake akauliza: "Sasa huo mji wenyewe uko wapi?" Huyo huwa ameshaupita mji na bado yumo ndani yake. Maskati ya leo haina kitovu kimoja kama ulivyo Mji Mkongwe wa Unguja. Imelala kama utepe baina ya bahari na milima ya mawe, kutoka Muttrah na Ruwi upande wa mashariki hadi Seeb na Mabela upande wa magharibi, na uzi unaoushona utepe huo ni Barabara ya Sultan Qaboos. Njia ya pili, ile ipitayo nyuma karibu na milima, ilifunguliwa kiasi cha mwaka 2010; ikapunguza msongamano kwa muda, na sasa nayo hujaa. Anayeishi Mabela na kufanya kazi Ruwi hukata zaidi ya kilomita 40 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Hapana treni wala tramu. Ipo gari, na lipo basi.

Nataka kuizungumzia safari hiyo kwa sababu katika barua na mazungumzo yetu tunaulizana afya, kazi, watoto na bei za vyakula, lakini hatuulizani juu ya zile saa mbili ambazo mtu huzitumia kila siku akiwa hayuko nyumbani wala hayuko kazini. Saa hizo nazo ni sehemu ya umri wetu, na tutaulizwa juu yake kama tutakavyoulizwa juu ya nyinginezo.

Wazee wanaoikumbuka Maskati ya kabla ya Julai 1970 husimulia mji mwingine kabisa. Ulikuwa mji mdogo wenye ukuta, na milango yake ikifungwa usiku, kiasi cha saa tatu baada ya jua kutua. Aliyetaka kutembea baada ya hapo alilazimika kubeba taa mkononi. Barabara ya lami katika nchi nzima haikuzidi kilomita kumi hivi. Mtu wa Muttrah aliyekuwa na shughuli Maskati alikwenda na kurudi mchana, na umbali wake ulikuwa ni wa kuvuka kilima tu. Uwanja wa ndege ulikuwa Bayt al-Falaj, pale pale Ruwi, ambapo leo ni majengo ya mabenki na maduka; ule wa Seeb ulifunguliwa mwaka 1973, na wakati huo uliitwa kuwa uko mbali na mji. Leo uko katikati.

Sultan Qaboos aliposhika hatamu tarehe 23 Julai 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Wengi wa jamaa zetu waliotoka Unguja na Pemba baada ya Januari 1964, na wengine kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Burundi na Kongo, waliitikia wito huo. Walikuja na vyeti vyao, na Kiingereza chao, na wakaajiriwa katika wizara mpya, mahospitali, maskuli, mabenki, na katika shughuli za mafuta huko Mina al Fahal. Wanawake wetu pia waliingia kazini mapema, wakawa wauguzi, walimu na makarani, na wakajifunza kuendesha gari katika miaka ambayo jambo hilo katika baadhi ya nchi jirani halikuruhusiwa kabisa. Hapo mwanzo watu waliishi karibu na kazi zao, Ruwi, Muttrah na pembezoni mwake, katika vyumba vya kupanga. Mtu alikwenda kazini kwa dakika kumi.

Kilichotutawanya ni viwanja. Serikali ya Oman imekuwa ikiwagawia raia wake ardhi ya kujenga, na tangu mwaka 2008 wanawake wamepewa haki hiyo sawasawa na wanaume. Ni neema kubwa, na anayeishi Ulaya akilipa kodi ya nyumba kila mwezi anaielewa thamani yake. Lakini ardhi tupu ilikuwa magharibi. Basi familia zikahamia Al Hail, Mawaleh, Al Khoud, na mwisho Mabela, kila mmoja akajenga nyumba yenye ua, na chumba cha wageni, na mti wa mwembe au mlangilangi aliouleta kwa mbegu ama kwa kuiba kichipukizi mfukoni. Nyumba zikasogea, afisi zikabaki. Sensa ya mwaka 2020 ilionesha kuwa mkoa wa Maskati una watu wapatao milioni 1.3, na asubuhi moja ya Jumapili barabarani utadhani wote wamekubaliana kutoka nyumbani saa moja kasorobo.

Ninasema Jumapili kwa kuwa ndiyo siku ya kwanza ya kazi. Zamani mapumziko yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa, hata tarehe 1 Mei 2013 yakahamishwa kuwa Ijumaa na Jumamosi. Wako wanaoikumbuka ile Alkhamisi kwa huzuni, kwani ilikuwa siku ya harusi na ya kutembeleana, na Ijumaa ikabaki ya msikiti na ya kupumzika.

Katika mambo yote ya barabara hii, lililowaumiza watu wetu zaidi ya foleni ni ule utaratibu wa kazi ya vipande viwili. Mtumishi wa serikali alianza saa 1:30 asubuhi akamaliza saa 8:30 mchana, akenda zake. Lakini wa duka, wa kampuni au wa zahanati ya binafsi alifanya kazi saa 2 hadi saa 7 mchana, akapewa mapumziko, kisha akarudi saa 10 hadi saa 1 usiku. Utaratibu huo ulikuwa na maana yake wakati watu walipoishi jirani na kazi: mchana wa Juni joto hupita nyuzi 40, mtu akala na watoto wake, akajinyoosha kidogo, akarejea. Mtu yule yule alipohamia Mabela ikawa safari nne kwa siku. Hesabu mwenyewe: kilomita 160 na zaidi, kila siku ya Mungu, ili upate kulala nusu saa kitandani mwako. Wengi wakaacha. Wakawa wanalala ndani ya gari kivulini, au katika msikiti wa jirani, kichwa juu ya mkono, na chakula wamekibeba kwenye kibakuli. Utaratibu huo bado upo katika maduka na baadhi ya makampuni, na kwa maoni yangu ndio uliowanyima watoto wengi kuwaona baba zao, kuliko foleni yoyote. Baba anayerudi saa mbili na nusu usiku huwakuta wadogo wamelala.

Serikalini mambo yamelegezwa. Tangu mwaka 2022 mtumishi ameruhusiwa kuchagua saa ya kuingia na ya kutoka katika mipaka iliyowekwa, almuradi atimize saa zake saba. Baadhi ya mabenki na makampuni pia yamehamisha makao yao kuelekea upande wa uwanja wa ndege, kwa hiyo siku hizi asubuhi foleni huonekana pande zote mbili, jambo ambalo zamani halikuwapo.

Waliokulia Unguja huona tofauti moja ambayo vijana waliozaliwa hapa hawaioni. Karani aliyekaa Ng'ambo na kufanya kazi mjini alikwenda kwa miguu au kwa baskeli, akavuka Darajani, na mpaka afike afisini amekwisha kuitikia salamu ishirini. Alijua nani mgonjwa, nani amejifungua, jeneza la nani linatoka baada ya Adhuhuri. (Ilikuwapo hata reli, ile ya Bububu iliyofunguliwa mwaka 1905, lakini haikudumu.) Hapa mtu hutoka katika kiyoyozi cha nyumba akaingia katika kiyoyozi cha gari, akashukia katika kiyoyozi cha afisi, na katika kilomita 40 hakumsalimu kiumbe. Ishara zilizobaki ni za taa: anayekuwashia taa kwa nyuma anataka umpishe, na anayewasha taa zake za dharura mbele yako anakuonya kuwa magari yamesimama. Sehemu pekee ambapo honi hupigwa kwa mapenzi ni mbele ya mkahawa, ambapo dereva hupiga mara moja na mtumishi akatoka mbio na kikombe cha chai ya maziwa. Chai hiyo wengi wetu huinywa kwa baisa chache, na mzee anayejua historia atakukumbusha kuwa baisa ya Oman na pesa ya kwetu ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni Mhindi.

Hata hivyo, usidhani kuwa kila mtu anaichukia safari hii. Nimesikia zaidi ya mama mmoja akisema kwamba gari ndiyo nyumba yake ya pili, na kwamba katika nyumba ya kwanza hapati nafasi ya kusema na wanawe. Nyumbani kuna televisheni, kuna simu, kuna kazi za skuli, na watoto wakiwa pamoja huzungumza Kiarabu, au Kiingereza kwa wale wanaosoma maskuli ya binafsi. Garini hawana pa kukimbilia. Basi mama hao wameweka sheria: mlango wa gari ukifungwa, ni Kiswahili mpaka lango la skuli. Mtoto akijibu kwa Kiarabu huulizwa tena, na tena, mpaka aseme.

Nimekaa nikawasikiliza watoto hao, na nimetambua jambo la ajabu. Kiswahili chao ni Kiswahili cha gari. Wanajua kusema "funga mlango", "vaa mkanda", "tumechelewa", "pinda kulia", "huyu dereva hana adabu", "mafuta yamekwisha", na wanayasema kwa lafudhi safi ya Kiunguja. Lakini mpe mtoto huyo upawa au kata, umuulize ni nini, atakutazama. Hajui kibao cha mbuzi, hajui kung'uto, hajui mbeleko. Maneno yote yaliyokaa jikoni kwa bibi yamebaki nyuma, kwa sababu mtoto anakutana na lugha yake katika nafasi ya viti vinne na mkanda. Siku ya Ijumaa, wanapokwenda kwa bibi, ndipo huokota mengine mawili matatu. Na wale ambao bibi zao wameshatangulia mbele ya haki wana gari peke yake. Wasomaji wetu mlioko Uingereza, Denmark au Marekani mtaniambia kama kwenu ni tofauti. Nadhani si tofauti sana, isipokuwa ninyi mna treni, na ndani ya treni watu huona haya kusema Kiswahili kwa sauti.

Kwa hiyo barabara iliyotunyima baraza, kwa baadhi yetu imekuwa baraza. Nasema kwa baadhi yetu, kwani kuna baba ambao hupanda na watoto wao, wakaweka simu sikioni tangu Mawaleh mpaka Al Khuwair, wakazungumza na kila mtu asiyekuwamo katika gari ile.

Liko pia jambo la hofu, na hilo halina mzaha. Mwaka 2012 waliofariki kwa ajali za barabarani nchini Oman walizidi 1,100, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu hata milioni nne. Karibu kila ukoo wetu una jina la kulitaja. Idadi hiyo imeshuka sana katika miaka iliyofuata, na rada zimechangia, ingawa watu huzilaani kila wanapoletewa faini. Magari yaletwayo Ghuba yana kengele inayolia mwendo ukifika kilomita 120 kwa saa, na kuna vijana ambao kwao kengele ile ni kama muziki. Dua ya kupanda chombo wazee wetu walitufundisha tuisome kwa makini. Si ya kusomwa huku mguu umekanyaga mafuta mpaka chini.

Na kuna maji. Anayeijua Maskati kwa joto lake hawezi kuamini kuwa mji huu unaweza kuzama. Wadi ni bonde kavu la mawe, ambalo mtu anaweza kulipita miaka mitatu bila kuona tone. Mvua ikinyesha milimani, hata kama mjini kuna jua, wadi huja kwa kishindo. Juni 2007 kimbunga Gonu kiliikata barabara yetu hii hii pale Qurum, watu wapatao 50 wakapoteza maisha nchini, na waliokuwa upande mmoja hawakuweza kurudi upande wa pili. Tarehe 14 Aprili 2024, nje ya Maskati, katika wilaya ya Al Mudhaibi, maji ya wadi yaliichukua gari iliyokuwa na wanafunzi waliokuwa wakirudi nyumbani, na watoto kadhaa wakafariki, Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira wazee wao. Tangu hapo mama wengi hawangoji tangazo: wakiona wingu jeusi juu ya mlima wa Bawshar, huondoka kazini kwa ruhusa au bila ruhusa. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa la kisheria, na askari hawamsikilizi mtu anayesema alikuwa akiwahi kazi.

Kuhusu Sala, kipupwe ndicho huleta mtihani. Mwezi wa Juni jua hutua karibu saa moja kasoro dakika tano, na aliyetoka kazini saa kumi na moja ameshafika kwake. Disemba hutua kiasi cha saa 11:20, na adhana ya Magharibi humkuta mtu pale pale katikati ya foleni, Ghubra au Azaiba, akiitazama minara ya Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, bila ya kuweza kusogea. Alhamdulillahi, misikiti imejaa pembezoni mwa barabara, na hata vituo vya petroli vina vyumba vya kusalia. Wengi hupinda, wakasali jamaa, wakatoka na kukuta foleni nayo imepungua. Ni faida mbili kwa kituo kimoja. Suala la kupunguza Sala nalo huzua mjadala, khasa gari ikiwa na Ibadhi na Shafi pamoja: kwa Ibadhi masafa ya safari ni farsakh mbili, kiasi cha kilomita 12, na kwa Shafi ni zaidi ya kilomita 80. Lakini majengo ya mji huu yameungana tangu Muttrah hadi Mabela, na wapi mji unaishia na safari inaanzia ni jambo la kuwauliza mashekhe.

Ramadhani safari hubadilika sura. Sheria ya kazi inawapa Waislamu saa zisizozidi sita kwa siku, na mchana barabara huwa tulivu kwa namna ya pekee. Hatari ni ile nusu saa kabla ya futari, wakati kila mmoja ana njaa na anataka kuwahi uji na tende kwake. Katika baadhi ya makutano vijana husimama wakagawa maji na tende kwa madereva, ili asiyewahi asikimbie. Sijaona sadaka iliyokuwa na akili kuliko hiyo.

Wasiokuwa na gari wana habari yao. Shirika la mabasi la taifa lilianzishwa mwaka 1972, na mwaka 2015 likabadilishwa jina kuwa Mwasalat, likaleta mabasi mapya yanayopita mjini kwa ratiba, pamoja na njia ya Ruwi hadi Mabela. Kabla ya hapo aliyekosa gari alitegemea teksi za rangi nyeupe na chungwa na mabasi madogo, akisimama kando ya barabara katika jua, akibanana na watu wengine. Wengi walioko ndani ya basi ni wafanyakazi wageni, Wahindi, Wabangladeshi, na siku hizi dada zetu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania waliokuja kufanya kazi za majumbani na madukani. Ukipanda siku ya Ijumaa utasikia Kiswahili cha Nairobi kiti cha mbele na cha Tanga kiti cha nyuma. Binti mmoja wa kwetu, mwenye kazi nzuri na leseni mfukoni, alianza kupanda basi petroli ilipopanda bei baada ya serikali kuondoa ruzuku Januari 2016. Anasema hakuwahi kusoma vitabu vingi maishani kama tangu alipoiacha gari. Mama yake bado anaona haya kuwaambia majirani.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu amestaafu miaka mingi sasa. Alipokuwa kazini hakuna aliyeilaani barabara hii kama yeye. Alikuwa akihesabu siku zilizobaki kama mfungwa. Siku hizi husali Alfajiri, akanywa kahawa, na kabla ya foleni kuanza ameshaingia barabarani kuelekea Muttrah, soko la samaki, kilomita zote zile, kununua nguru mmoja au vibua wa kukaanga. Mkewe humwambia kila mara kuwa samaki hao hao wanauzwa Seeb, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani. Naye hujibu kuwa wa Muttrah ni watamu zaidi, akachukua funguo.